Kabla Hamjamtenga Herman

Katesh,
Jumatano.

Baba yangu Bura,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, na kifua cha mama kiwe kimeachia. Sisi hapa hatujambo, watoto wanasoma, na upepo wa mlimani unatumwagia vumbi kwenye uji kama kawaida. Nimempa Gaudensia, anayekuja huko, akuletee kwa mkono. Ningepiga simu, lakini wewe ukipokea unaweka spika, na maneno haya si ya majirani.

Baba, nimesikia kwamba Jumamosi wazee wanakaa kumjadili kaka Herman, na wewe ndiwe utakayetamka neno la kumtenga. Kosa lake nalijua. Ujima umepita mashamba matano na jembe lake halijaonekana hata moja. Kwetu asiyewalimia wenzake halimiwi, hasalimiwi, wala hapewi moto. Najua pia kwamba huwezi kumwachia mwanao kosa uliloadhibu kwa watoto wa wenzako. Yote nayaelewa, na bado naandika.

Wiki mbili zilizopita Herman alikuja kwangu. Makande, ambayo tangu utotoni tulikuwa tukiyagombania, aliyasogeza pembeni akasema hayana ladha. Kisha akaniambia, kwa sauti ya chini, kwamba kila asubuhi analiona jembe, anajua palizi inamngoja, anajilazimisha, na mwili haunyanyuki. Akaongeza kwamba ingekuwa afadhali siku moja asiamke kabisa. Niliogopa sana, Baba. Nilimpeleka hospitali siku ileile.

Daktari alisema huo si uvivu wala si laana. Alieleza kwamba ubongo una kemikali zinazopeleka ujumbe, na kwamba hizo zina mkono katika hamu ya mtu ya kula, ya kazi, hata ya kuishi. Mambo hayo yakivurugika, kumkaripia mgonjwa ni kumpigia mbuzi gitaa. Alikiri kwamba hata wao hawajui yote. Akampa vidonge, akasema huchukua wiki kadhaa kabla ya kuleta nafuu, na akasisitiza kwamba Herman asiachwe peke yake. Mkimtenga Jumamosi, upwekeni ndiko mnakomtupa.

Utauliza mbona siku ya Pasaka, uliponiuliza mbele ya wajomba, nilijibu kwamba Herman ni mvivu na apewe fundisho. Ni kweli nilisema, na kesi yote mmeijenga juu ya maneno yangu. Nilidanganya, Baba, nikijua nadanganya. Nilipomtazama tu siku ile niliujua ugonjwa wake, kwa sababu ni wangu. Baada ya kumzaa Severine nilikaa miezi mitano hivyo hivyo. Vile vidonge ulivyoviona kabatini kwangu, nikakuambia ni vya presha, si vya presha. Ni vile vile anavyomeza Herman. Niliogopa mtasema nina wazimu, na wakwe wanirudishe nyumbani. Nikamtoa kaka yangu kafara ili mimi nisionekane. Naona aibu kuliko ninavyoweza kuandika.

Jumamosi nitakuja. Kabla hujalitamka jina lake nitasimama mbele ya wazee, niyaseme haya kwa mdomo wangu mwenyewe.

Mfikishie mama salamu zangu, na Herman mwambie asiache vidonge hata siku moja. Wajukuu wako wanakuamkia. Na kama baada ya kunisikia mtaona ugonjwa huu bado unastahili kutengwa, Baba, anza na mimi.

Binti yako,
Agatha