Salamu ya Mlangoni pa Hoteli

Élisabethville, Katanga, Jumatano usiku

Na mashuka yenyewe askari hawakuyatazama. Nilianza kufulia hoteli ile kubwa kwa beseni moja, leo ninayo kumi na manne, na mamluki wanalala kwenye mashuka yangu na buti.

Leo askari wa mlangoni, kando ya mifuko ya mchanga, alitusalimu, mimi na shemeji yangu, kwa lugha yetu ya Kasai: "Moyo, tatu!" Yaani, hujambo, baba.

Mtego. Wakasai ndio wanaotafutwa. Nilicheka: "Moyo ya nani, chef? Miye naleta mashuka."

"Pita, papa."

Shemeji Anselme, nyuma yangu na kikapu cha pili, aliitika kama mama yake alivyomfundisha: "Eyo."

Askari wakampandisha kwenye kamyo, lori lao. Sikugeuka.

Mke wangu ameuliza kaka yake yuko wapi. Nimesema amebaki hotelini, anatandika vitanda.

Amefurahi. Anasema kule, kwenye kuta nene, bomu la ndege halitamfikia.