Maji Yaliyosikia Jogoo

Yaya Eliza,

Mikono yangu ina rangi nyeupe, na kabla haijatoka nataka kukuandikia. Mwandiko wangu unaujua. Niliachia shule darasa la tano, na wewe, dada yangu mkubwa, ndiye uliyenilea kuanzia hapo, basi vumilia.

Bado niko Kilifi, pwani ya Kenya, kwenye karakana ya boti za tanga. Si boti kama zile za kwetu ziwani Tanganyika, za Kazimia, zinazojazwa watu na magunia ya ndagala, ambao huku wanaitwa dagaa. Hizi ni ndogo, urefu wa mita kumi hivi, za watu wawili wanaolala humo humo, wanapika humo humo na kuvuka nazo bahari. Mimi nakwangua, napaka rangi, naosha matangi ya maji ya kunywa. Mgongo umekwisha. Asubuhi nauamsha kwanza mgongo, halafu mimi.

Siku ya kwanza niliwachekesha. Nilimuuliza fundi Salimu, mkubwa wetu: "Mbona munabebesha boti maji, na maji iko hapa chini yake?" Kwetu nani amewahi kubeba maji ya kunywa ndani ya mtumbwi? Unainama, unachota, unakunywa. Salimu akachota kikombe baharini. "Haya, Mkongo, karibu kinywaji." Nilikuwa nimesikia bahari ina chumvi, ila nilidhani ni chumvi ya kiasi, kama ya mboga yetu ya sombe. Nilitapika mbele yao wote. Ungecheka hadi kitenge kikuanguke.

Simu ya binti yako Neema ilinikuta nimelala kifudifudi, mkono wote ndani ya tangi hadi begani, nasugua ukoga. Alisema umetutoka, kwamba ni kifua, na mvua, na kwamba mlishindwa kufika Baraka kwa daktari. Kutoka hapa hadi kwetu Swima ni mabasi ya siku nyingi, na mipaka, na ziwa. Ningefika umeshazikwa. Nilimaliza kusugua lile tangi. Sikujua kufanya kitu kingine.

Kibanda chako cha chai bado kipo. Neema ndiye anapika sasa. Anachota maji kwenye bomba la robine, siku ikitoa. Kafi la mtumbwi liko nyuma ya mlango, anasema, hakuna anayeligusa.

 Kafi lile lilikuwa langu, Yaya. Lilikuwa kazi yangu.

Hukutaka maji ya ufukweni kwa chai yako, pale bamama wanapofulia na mbuzi wanapokunywa. Ulitaka maji ya ndani ya ziwa. Ulinipa bidoni, madumu yale mawili ya njano, na kipimo chako: "Enda mpaka usisikie jogoo." Kila alfajiri nilipiga kafi, jogoo wa Swima wakipungua mmoja mmoja mgongoni kwangu, mpaka kunabaki kimya, na hapo ndipo nilizamisha bidoni. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, ndevu tayari. Kiwiliwili kizima, na uvivu wake.

Asubuhi ile nilikuwa nimechoka tu. Sina sababu nzuri zaidi. Nilizunguka nyuma ya mawe, nikajaza pale pale wanapofulia, nikalala kidogo ndani ya mtumbwi ili muda upite, nikarudi nikihema kwa makusudi.

Ulionja. Siku zote ulionja wewe kwanza, kabla ya mtu yeyote. Ukashika kikombe bila kukishusha.

"Maji hii imesikia jogoo."

"Haki ya Mungu, Yaya, nimefika ndani."

"Ndani wapi?"

"Ndani kabisa."

Ukanitazama. Ukasema, "Basi ulimi wangu ndio iko na ugonjwa," ukayamwaga kwenye mchanga. Siku hiyo kibanda hakikufunguliwa.

Kesho yake nilikuta kafi halipo. Ulikuwa umeenda mwenyewe, na bega lako lile bovu. Na kesho yake tena. Hukunigombeza hata mara moja. Mimi nililala kwenye mkeka nikiwasikia jogoo, nikijua uko mahali ambapo huwasikii. Ila tangu siku ile uliacha kuniita Bahati. Uliniita Petro. "Petro, leta kuni." "Petro, chai yako inapoa." Batoto wa mtaa wakadhani ni jina langu la nyumbani, wakalishika. Petro wa kanisani, yule aliyekana, na jogoo wake niliwajua vizuri sana. Nilijifanya sielewi. Miaka miwili nilijifanya, halafu nikaondoka.

Sasa sikia habari ya rangi.

Kuna mume na mke, walimu waliostaafu, wanataka kuvuka hadi Shelisheli. Boti yao ina matangi mawili, moja kila upande chini ya viti, ili moja likiharibika lingine liwaokoe. Karatasi ya boti inasema yote mawili ni lita mia moja sitini. Walikuwa wamepiga hesabu: lita nne kwa mtu kwa siku, vyombo waoshe kwa maji ya bahari, basi siku ishirini. Waliniomba nipime kweli. Nikamimina bidoni nane za lita ishirini. Zikaingia zote. Kilichobaki ni kuyatoa tena kwa pampu ya mguu, ile ile watakayotumia safarini, nikihesabu yanayotoka. Hiyo ni mchana mzima wa kukanyaga, jua kichwani.

Salimu akasema, "Mkongo, nane zimeingia, nane zitatoka. Andika, ufunge, twende tukale."

Nilikuwa nimechoka tu, Yaya. Kuchoka kule kule. Nilikuwa nimeshashika brashi ya rangi, niandike 160 juu ya kifuniko.

Mlinzi wetu anafuga kuku nyuma ya karakana. Jogoo wake hajui saa. Aliwika mchana ule, mara moja.

Nikaweka brashi chini, nikaanza kukanyaga. Zilitoka bidoni sita na nusu. Mpira wa kuvuta haufiki chini, hivyo maji mengine yamo ndani na hakuna wa kuyanywa. Nikaandika 130, siku kumi na sita. Salimu alinuna, halafu akaja mwenyewe na kamba, tukafunga bidoni nne za nyongeza karibu na mlingoti. Asubuhi hii waliondoka. Upepo watakaoupata siujui.

Sasa sikiliza na hili, nililonyamazia miaka yote hii. Maji yale niliyachota pale bamama wanapofulia. Sikufika ndani. Ulimi wako ulikuwa mzima.

Nikirudi Swima nitalichukua kafi nyuma ya mlango. Mgongo ukubali au ukatae, nitaenda mpaka nisisikie hata mmoja, nimletee Neema bidoni mbili. Nitamwambia aonje yeye kwanza, kama wewe, na akiniuliza ndani wapi, nitamjibu.

Lala, Yaya. Pumzisha bega.

Mudogo wako,
Petro