Mtani Niliyemfuta

Mjukuu wangu Neema,

Hapa Tottenham tunaendelea. Mtoto anaota meno, nami nasinzia kwenye basi nikienda kutunza wazee. Najua unacheka nikikuita mjukuu, lakini ukoo hauangalii umri.

Umeniuliza kama mwanamke mweusi anaweza kuandika tamthilia za televisheni huku. Mimi niliandika moja. Ilikuwa na msiba wa kwetu: jeneza linataka kutolewa, mtani wa marehemu, kama ilivyo haki ya watani msibani, akajilaza mlangoni. "Hatoki mtu hapa. Huyu kala kuku wangu, hajanilipa." Wafiwa wanacheka huku machozi yanawatoka.

Mtayarishaji, mzungu mpole, akaniambia, "Watazamaji hawataamini. Waache walie tu." Niliogopa kupoteza nafasi, nikamfuta mtani kwa mkono wangu mwenyewe.

Siku ilipoonyeshwa nilitazama na mama. Ilipokwisha akauliza, "Huyu marehemu hakuwa na watani? Mbona wamemzika kama mtu asiye na kwao?"

Nilipopeleka tamthilia ya pili, waliikataa. Walisema maandishi yangu yanafanana na ya wengine.

Sikukatazi kuja, mjukuu. Ila wakikwambia umfute mtani, kataa. Huenda wasikuite tena, lakini mimi nilimfuta na hawakuniita vilevile.

Mama tulimzika huku, unajua. Tulilia vizuri, kwa utaratibu. Nilikuwa nautazama mlango, na hakuna aliyejilaza.

Bibi yako mdogo,
Rehema