Pacha wa Babu Sefu mbele ya daktari

Jyoti, Bibi amenisimulia kisa cha Babu Sefu sasa hivi. Yaani nimekasirika!

Ni enzi za Mwingereza. Babu karudi Tengeru kutoka vita vya Burma, fizi zinavuja damu, kilima cha nyumbani tu kinamshinda. Kule jeshini walimezeshwa vidonge vya njano vya malaria kila siku, naye aliamini ndivyo vilivyomharibu damu. Akaenda Arusha mjini kudai fidia.

Daktari wa jeshi, Mzungu, akampima damu, lakini hata kumtazama usoni hakumtazama. "Vita havihusiki. Damu yako mbovu tangu kuzaliwa."

Tangu kuzaliwa!!

Sasa Babu si alikuwa na pacha, Abasi, aliyebaki nyumbani na migomba yake? Kesho yake akamkokota mpaka pale. "Bwana daktari, huyu tumezaliwa tumbo moja, siku moja, hata mama alikuwa anatuchanganya. Mimi nilikwenda Burma, yeye hakwenda. Mpime."

Akapimwa. Damu safi kabisa. Babu akashusha pumzi, akajua leo kambana.

Unajua yule mpuuzi alisema nini? Jyoti, unajua alisema nini?

Akampiga Abasi begani, anatabasamu: "Wewe mzima kabisa. Jeshi bado linaandikisha."