Bahati Aliomba Musamaha, Compte Ikiwa Imefungwa

Walikale

Mama yangu mupenzi,

Tumusifu Yesu Kristu. Nakushika mikono yote mbili toka huku mbali. Mugongo yako inasemaje? Ulivuna maharagi, ao mvula iliozesha yote shambani? Nilisikia kama kule kwenu Nyabiondo bantu bamerudilia kulala mu pori juu ya vita. Kama ni kweli, usibebe muzigo muzito, beba paka blanketi na dawa yako tu.

Mimi, mwili iko. Nakula, natembea, nashona uniforme za batoto ba masomo. Lakini roho haiko pahali pake. Papa Katekista, wewe njo utamusomea Mama hii barua: nakuomba usome polepole, na usiruke neno, hata ile yenye kuuma.

Mama, juu kwenu telefone haipite tena, motari wa Kalembe njo alinifikishia maneno yako yote. Ulisema: «Riziki amuambie Bahati kama baba yake amezikwa. Sitaondoa nguo ya kilio mbele ya kusikia sauti ya mutoto wangu.» Nilikaa chini palepale, kando ya pikipiki yake, juu nilijua kama sina njia ya kumuambia.

Unajua kama hatuna namba ya Bahati. Tangu yeye na Papa baligombana juu ya shamba ya kilimani, Papa akamuambia «toka, usirudi hapa», naye akaenda mpaka Zambia, alikuwa ananiandikia paka mu compte yangu ya internet. Yeye mwenyewe njo alinifungulia ile compte. Tukachagua pamoja mot de passe, lile neno la siri la kuingilia. Niliiandika mara moja tu. Nyuma ya pale, telefone njo ilikuwa inaikumbuka, si mimi. Na wakati tulikimbia Kalembe, telefone ikaanguka mu matope, na bantu nyuma yangu balikuwa banasukuma. Sikuweza kurudi kuitafuta.

Nilipopata telefone ingine huku Walikale, nikajaribu kuingia. Nikaandika jina ya Papa, jina yako, jina ya kijiji, jina ya batakatifu bote ninajua. Kila mara ikakataa. Mwisho ikaniandikia kama compte imefungwa juu ya usalama wangu. Usalama wangu, Mama!

Papa alijua hiyo shida. Kila siku ya Mungu, nyuma ya misa, alikuwa anapanda kilima na telefone ya Papa Katekista kutafuta pahali reseau inashika ili anipigie, na neno yake ya kwanza haikuwa salamu.

— Bahati ameandika?

— Sijui, Papa. Compte ingali imefungwa.

— Nani aliifunga?

— Ilijifunga yenyewe.

— Nyumba gani inajifunga yenyewe na mwenye nyumba akiwa inje?

Mimi nilikuwa nacheka. Yeye hakuwa anacheka. Alikuwa anangojea kidogo, kama vile nitakumbuka palepale, kisha anasema: «Basi, endelea kutafuta, mutoto.»

Nyuma ya habari ya maziko, nikaenda kwa muzee mumoja mwenye secrétariat pale sokoni, anaandikiaka bantu barua na mashini. Akaangalia telefone yangu, akasema dawa iko moja tu: benye compte batatuma kode, namba fupi ya kuifungulia, na kode itaingia paka kwa namba yangu ya zamani. Nikamuambia ile puce, laini ya namba, ilipotea na telefone. Akanirudishia telefone.

Nikiwa njiani, nikafikiri: na kama niipigie ile namba yangu? Nikapiga. Ikalia! Mama mumoja wa Butembo akaitika. Nikamueleza kama namba yenye kampuni ya telefone ilimuuzia ilikuwa yangu, kama kuna kode itaingia kwake, anisomee tu.

— Escroc! Mwizi! Muliibia dada yangu hivyo hivyo!

Akakata. Nikapiga tena, akakataa kushika. Kesho yake nikapiga, akashika kwa kunitukana. Nikamuacha amalize.

— Mama, acha kode. Unisikilize tu. Papa wangu amekufa, na ndugu yangu hajui.

Hakukata. Nikasikia batoto bake banacheza.

— Alikufa na nini?

— Kifua.

— Na huyo ndugu iko wapi?

— Zambia. Baliachana na Papa na hasira.

— Mimi niko na mutoto iko Uganda, akasema. Haniandikie. Basi, tuma hiyo kode yako.

Alinisomea polepole sana, juu hakuwa na miwani, na wakati namaliza kuandika, ikasema kode imepita wakati. Tukaanzilia. Mara ya pili akaita mutoto wake mwenye macho mazuri asome, na compte ikafunguka. Tulipiga kelele ya furaha sisi wote wawili.

Furaha haikudumu. Bahati alikuwa ameniachia sauti, Mama. Ya kwanza, ni salamu tu. Ya pili iliingia wakati wa kupanda maharagi, Papa angali muzima, angali anapanda kile kilima. Anasema hivi: «Dada, nitumie namba ya kumupata Papa. Nataka kumuomba musamaha na kinywa changu.» Ya tatu: «Dada, unanisikia? Kama Papa alikukataza kunijibu, uniambie tu.» Na ya mwisho ni fupi: «Nimeelewa. Sitabasumbua tena.»

Nilisikiliza hiyo ya mwisho mpaka telefone ikazimika.

Nimemuandikia yote, kifo ya Papa na ile compte. Maneno yangu yalitoka, hayakufika. Photo yake haiko tena, na nikipiga mu ile compte, hakuna kitu inalia: naona amenifungia. Mama wa Butembo ananipigiaka kuuliza: «Amejibu?» Nasema bado. Naye anasema na yeye, bado.

Mama, nilitaka kukuficha hii. Lakini ungekaa na nguo ya kilio mpaka izeekee kwa mwili yako, kwa kungoja jibu lake lenye sina. Usingoje tena. Barabara imefungwa, ni motari tu anapenya mu pori, mimi siwezi kufika, basi nakuomba uende pa kaburi ya Papa badala yangu. Umuambie kama Bahati alimuomba musamaha, yeye Papa akiwa angali anapumua. Umuambie kwa sauti, si mu roho tu.

Unisalimie Papa mudogo, mwenye alichimba kaburi na mikono yake, na dada yangu mudogo mwenye kukutekea maji, na mama yangu wa ubatizo. Papa Katekista, asante kwa telefone yako na miguu yako ya kupanda kilima na muzee.

Na kama Papa, mbele ya kufunga macho, alisema neno moja ya kumusamehe Bahati, hata nusu ya neno, mumupe motari aniletee. Nitamuandikia Bahati hilo neno, hata kama hatasoma.

Mutoto wako mwenye kulia nawe toka mbali,

Riziki