Mtu wa Kwanza Mstarini

Shangazi Mapendo,

Nakuandikia kwa sababu nikiongea peke yangu shambani majirani watasema nimerukwa na akili, na wiki hii sitaki kumpa mtu yeyote sababu. Ninaogopa, Shangazi. Mimi unanijua, hata kuku mwenye vifaranga akinikazia macho nampisha njia.

Tangu tukuzike nimebaki kwenye nyumba yako na watoto wangu wawili. Mahindi yako ya upande wa mtaro yalikauka, lakini maharage yamekubali. Baba yao bado hajarudi kutoka Kampala, na nimeacha kuulizia. Shida ni kwamba nyumba na shamba vimeandikwa kwa jina lako, na mwenyekiti wa kamati yetu ya wakimbizi hapa kambini anasema shamba la marehemu halina mwenyewe. Mama Neema, yule mjane jirani yetu, alilazwa Mbarara wiki tatu kwa ajili ya mguu. Aliporudi alikuta familia nyingine inapanda mihogo kwake. Akaenda kulalamika Base Camp, kwenye ofisi ya kambi, wakamwambia alete kwanza barua ya mwenyekiti. Na mwenyekiti ndiye aliyemnyang'anya! Sasa analala jikoni kwa Mama Sifa.

Mama Sifa, yule muuza samaki wa ndagala uliyekuwa ukimtania kwamba kikopo chake cha kupimia kinakonda kila mwezi, ameshika kazi uliyoiacha. Anagombea uenyekiti. Kura ni kesho. Jana alikuja akakaa kwenye kiti chako kibovu, akaniambia, "Riziki, wewe njo utasimama wa kwanza nyuma yangu. Bengine batakufwata."

Nilikubali. Alipoondoka nikafunga mlango kwa komeo.

Unajua kura ya hapa ilivyo. Hakuna karatasi wala sanduku. Mgombea anawapa watu mgongo, na anayemtaka anakwenda kusimama nyuma yake mchana kweupe, dunia nzima inaona. Afisa anapuliza filimbi, anahesabu vichwa. Na yule anayesema nani apewe shamba na nani anyimwe yuko pale pale, anaangalia nani kasimama wapi.

Unajua pia kwa nini kuwa wa kwanza kunanitisha. Hatukuwahi kulizungumza jambo hili. Niache nilizungumze leo, maana kesho huenda nisithubutu.

Siku uliyogombea wewe, wanawake tisa tuliapa kusimama nyuma yako. Mimi nilijipiga kifua mbele ya wote, "Miye nitakuwa wa kwanza, Shangazi!" Ukasimama na kitenge chako cha kijani, mgongo umenyooka, hukugeuka. Wale wanane walikuwa wananiangalia mimi. Kila mmoja alingoja aliyeapa aende, naye afuate. Lakini mimi nilikuwa nimeona mwenyekiti ananitazama. Nikainama. Nikajifanya mwiba umenichoma, nikashika kisigino, nikakishika mpaka mstari wa mwenyekiti ukajaa. Nilipoinuka, miguu ilinipeleka kwenye mstari wake, nikajificha nyuma ya mwanamume mmoja mrefu. Na wale wanane wakanifuata. Sikuwaita, Shangazi. Walinifuata tu, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Afisa akakuambia, "Mama, geuka. Hapa hakuna mutu."

Ukageuka. Ukatutazama. Nilitamani ardhi ipasuke.

Tukarudi nyumbani. Ulichuma majani ya mihogo ukapika sombe. Tulipomaliza kula ukachukua sindano, ukasema, "Leta ule muguu." Ukauweka mapajani ukautafuta ule mwiba, polepole, ukipapasa kisigino kizima ambacho hakikuwa na hata mkwaruzo. Halafu ukapuliza, ukasema, "Umetoka." Nikasema asante. Asante! Mpaka leo sijui kama ulikuwa unanicheka au unanisamehe. Mwaka uliofuata presha ikakuchukua, na kule hospitali ya Mbarara nilikushika mkono siku nne bila kupata ujasiri wa kukuuliza.

Watu husema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Miaka yote nimejitetea kwa maneno hayo. Lakini mimi nilikuwa mwoga, Shangazi, na kicheko chenyewe sijakisikia hapa nyumbani.

Leo asubuhi mwenyekiti amepita. Hakuingia. Alisimama kando ya maharage akasema kwa upole, "Dada Riziki, shamba yako iko muzuri kabisa. Uichunge." Akawapa watoto peremende. Alipoondoka nikawanyang'anya nikazitupa. Walilia.

Ni Jumamosi jioni. Nimerudi kutoka kwenye kura.

Mama Sifa alisimama ananukia ndagala kama kawaida yake. Afisa alikuwa mgeni, kijana wa Mbarara, akapiga kelele, "Kila mutu aingie kwa laini yake! Hakuna kugeuka!" Miguu ikakataa. Nilimtazama mwenyekiti, naye akanitazama, akatabasamu. Labda zilikuwa hatua ishirini tu, lakini nilichoka kuliko siku ile ya vita ulipokuwa unanivuta mkono kutoka Kivu. Nikafika nikamshika Mama Sifa kiuno kwa mikono miwili, ili nisianguke. Na yeye, Shangazi, alikuwa anatetemeka kunishinda mimi.

Nyuma yangu palikuwa kimya.

Nikawaza, kumbe hiki ndicho ulichokisikia wewe. Kimya kinachopanda kwenye uti wa mgongo huku huruhusiwi kutazama. Sijawahi kuogopa hivyo, hata msituni. Niliwawaza watoto, niliyawaza maharage, nikawaza jikoni kwa Mama Sifa hakutatutosha wote. Filimbi ikalia. Afisa akaja akanigonga bega, akasema, "Moja." Nikafumba macho.

"Mbili," akasema.

Tulikuwa kumi na wanne, Shangazi. Wa mwenyekiti walijaza uwanja. Tumeshindwa vibaya, tena mbele ya watoto wetu. Tuliporuhusiwa kugeuka nikaona aliyekuwa wa pili ni Mama Neema na fimbo yake, na nyuma yake, katika wale wanane wa siku yako, watano.

Usifikiri nimekuwa shujaa. Hofu yenyewe imeanza sasa. Mwenyekiti hakunisalimu. Jirani amekuja kumfungua mbuzi wake aliyekuwa akimfunga kwenye mti wetu, akaenda kumfunga kwingine. Nimeletewa habari kwamba Jumatatu watu wa mwenyekiti watakuja na kamba kulipima shamba wampe mwingine. Wale wanawake wameapa watakuja na majembe yao tupalilie pamoja, wakute shamba lina watu. Sijui kama watakuja. Kesho ni Jumapili, na mtu ana siku nzima ya kubadili mawazo. Mimi nayajua hayo mawazo yanavyobadilika.

Pumzika, Shangazi. Nisamehe ile siku, kama hukuwa umenisamehe. Siwezi kukuahidi kwamba sitaogopa, ahadi hiyo ingenishinda kabla ya kulala. Nakuahidi hili tu: Jumatatu wakija, hata nikiwa peke yangu, watanikuta nimesimama katikati ya maharage. Wakiuliza shamba hili ni la nani, nitataja jina lako. Kisha nitataja langu, kwa sauti, na nitawaambia waliandike.

Binti wa kaka yako,
Riziki