Kanzu Iliyokauka Masika

Mjambere, Kisauni
Jumapili

Dada Mishi,

Shikamoo. Kwa heshima na taadhima nawatangazia wakazi wote wa Likoni kuwa kanzu uliyonishonea ilikauka Ijumaa ile ya mvua kubwa, nami nikasali Jumaa nimenyooka kama kadi ya harusi. Goti lako laonaje? Sisi tu wazima, alhamdulillahi, ila nguo zote nyumbani zanuka uvundo.

Habari za mwanao Nasreen unazo. Pale maabara ya chuo, ambapo kazi yangu ni kuosha vyombo na kujifanya najua, yeye anatafuta unga wa kugandamizwa uwe kisahani kigumu, ukae ndani ya betri ya lithiamu badala ya yale maji yanayoshika moto. Miezi saba anachanganya na kuoka. Adui wa unga huo ni unyevu, na kila siku hulalamika kuwa Mombasa hii yafaa kufugia vyura, si kutengenezea betri.

Mchanganyiko wa kumi na tisa ndio aliouamini. Jumatatu akaupima: kisahani kikapasuka, chaji haikupita. Akasema basi, hesabu zake zilikuwa mbovu tangu mwanzo. Kesho anamwandikia msimamizi wake kuwa anaacha. Nikampikia chai ya tangawizi, nikamwambia si kosa lake. Akanijibu kwa upole kuwa mjomba hajui.

Dada, najua. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu ningekuchekesha nikaponyoka, si wanijua.

Ijumaa ile alikuwa ametoka. Unga ulikuwa kwenye kabati la kukaushia, bakuli wazi, na mlangoni ameandika kwa mkono wake lisifunguliwe. Nikafungua. Nikatundika kanzu ingali mbichi, nusu saa. Nilipoitoa, unga umeshika mabonge. Nikayavunja kwa kijiko, nikausawazisha, nikaenda msikitini nikakaa safu ya mbele.

Siku tisa nimenyamaza, nikimtazama akijilaumu.

Barua hii atakuletea mwenyewe. Bahasha sikuifunga; nitamwomba aisome kwanza, hapa mbele yangu, kabla hajavuka feri kuja kwako. Nisalimie shemeji na wote wanaoniulizia, kama watabaki.

Nduguyo, kwa aibu,
Mwidani

Tena: Amesoma. Hakunitukana, wala hakunitazama. Ameuliza tu hiyo nusu saa ilikuwa dakika ngapi hasa, na kanzu ilikuwa ikidondoka maji au la, akaandika kwenye daftari. Nimemjibu kweli tupu: ilikuwa ikidondoka.